Mwanamke Aliyefua Maji

Kila asubuhi, kabla moto haujawashwa, Fundi alifua maji. Ndivyo tulivyosema kiwandani, na kwa kweli ndivyo ilivyoonekana. Anachota maji ya tangi kwenye chupa ya soda, anakata kipande cha sabuni ya mche kidogo kama punje ya hindi, anakitumbukiza, anaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba, anatikisa. Halafu anainua chupa kwenye mwanga na kuikazia macho kama mtu anayemchungulia mgeni kabla hajamfungulia mlango. Povu likisimama, anasema, "Haya, leo wamekuja na adabu." Povu likikataa na maji yakabaki na vumbi jeupe linaloelea, anasema, "Wamekuja na mawe yao, washenzi."

Wapakuzi wa mbegu walikuwa wakipita na magunia na kumchokoza.

"Fundi, ukishayafua unayaanika wapi?"

"Kwenye kichwa chako. Naona pamebaki kiwanja."

Huyo mpakuzi alikuwa na upara. Hakurudia.

Kiwanda chetu kilikuwa pembeni ya Buswelu, kinakamua mafuta ya mbegu za pamba. Mbegu hazikamuliwi zikiwa mbichi. Zinapikwa kwanza kwa mvuke, na mvuke wote ulitoka kwenye boila moja lililolala kwenye banda la mabati, refu kama Hiace, likila maganda ya mbegu kwa koleo asubuhi hadi jioni. Boila likisimama, kiwanda kinasimama. Mafundi walikuwa wengi pale, wa umeme, wa mikanda, wa magari, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, ilikuwa ni yeye: mwanamke mfupi, mnene wa mikono, aliyefunga kitambaa kichwani kwa hasira kama anafunga mzigo. Sitasimulia alizaliwa wapi wala kwa ukoo gani. Nilimuuliza mara moja, akajibu, "Nilizaliwa mdogo," akaendelea kuchochea moto.

Mimi alinitoa kwenye kujaza mafuta madumuni. Siku moja alifua maji mbele yetu, kila mtu akacheka, nami nikacheka nyuma yao kidogo. Akanisogelea. "Wewe umecheka wa mwisho. Ulikuwa unafikiri nini?" Nikasema nilikuwa nawaza kwa nini nyumbani kwetu nikifulia maji ya ziwa povu linajaa beseni, na hapa kiwandani sabuni inaisha bila povu. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, sikutegemea mtu kuniuliza nawaza nini. Kesho yake nikapewa koleo na glavu mbili za kulia.

Jibu lake lilikuwa hili. Zamani boila lilikunywa maji ya ziwa kupitia bomba la mjini, nayo ni maji laini. Ulipozidi mgao, kiwanda kikachimba kisima. Maji ya kisima yalikuwa meupe, matamu hata kuyanywa, lakini ndani yamebeba mawe yaliyoyeyuka, huyaoni. Ukiyachemsha, maji yanaondoka yakiwa mvuke, mawe yanabaki. Yanajishika kwenye mabomba ya ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka yanakuwa ukoko.

Watoto wa Kitanzania tunapigania ukoko wa wali, kwa hiyo mwanzoni nilidhani anatania. Akanivuta mkono mpaka karibu na mlango wa moto.

"Sikia. Huku moto, huku maji, katikati chuma. Chuma hakiungui kwa sababu maji yanakishika mkono. Ukoko ukikaa katikati, hakuna wa kukishika. Kinaiva. Kinalegea kama ndoo ya plastiki kwenye jua. Halafu kinapasuka. Ukoko wa wali unagombewa na watoto. Ukoko wa boila unaita matanga."

Basi ndiyo maana kulikuwa na dumu la bluu. Lililetwa kutoka kwa wauza kemikali mjini, na ndani yake mlikuwa na kitu cha manjano kidogo, kizito, kinachoteleza. Pampu ndogo ilikidondoshea kwenye maji ya tangi, tone, tone. Mtunza stoo alikiita dawa, wapakuzi wakakiita dawa, na neno hilo Fundi alilichukia kuliko nzi.

Alikuwa na sababu. Kwetu huku neno dawa lina miguu mingi. Mtu mmoja alimwona akihesabu matone huku midomo ikicheza, na kufika saa sita kiwanda kizima kilikuwa na habari kwamba Fundi amelizindika boila. Jumatatu iliyofuata akaja mzee mmoja mlinzi, kofia mkononi.

"Fundi, nigawie kidogo tu, kifuniko kimoja. Nina kesi ya ng'ombe kule Kisesa."

"Ng'ombe wako wana ukoko?"

"Hapana, mama."

"Basi nenda kawaombee kanisani."

Lakini alikuwa na sababu nyingine, na hii ndiyo iliyomkera zaidi. "Mtu akipona anaacha dawa," alisema. "Hiki hakiachwi. Siku mtakapokiita dawa, kuna mtu atakuja kusema tumepona."

Kwa hiyo akakipa jina lake mwenyewe. Akakiita mlenda.

Alitueleza sababu ya jina hilo kwenye chumba cha chakula, mbele ya mpishi wetu ambaye alikuwa ametoka kupaka ukuta chokaa. Fundi alimega tonge la ugali, akalitupa ukutani. Likaganda pale pale. Akamega la pili, akalitosa kwenye bakuli la mlenda, akalitupa. Likagonga ukuta, likateleza taratibu mpaka chini, likaacha njia kama konokono.

"Mayu! Mama yangu!" mpishi akapiga kelele. "Ukuta wangu!"

"Tulia, nafundisha," Fundi akasema. "Mmeona? Ndani ya lile dumu kuna nyuzi. Ndefu, ndefu, lakini nyembamba huwezi kuziona hata kwa miwani. Zinayeyuka kwenye maji kama chumvi inavyoyeyuka. Kijiwe kikizaliwa tu mle ndani, uzi unakidaka, unakivisha. Sasa kijiwe kimevaa utelezi. Hakiwezi kumshika mwenzake, hakiwezi kushika bomba. Mawe ni kama watu wa vikao. Ukiacha matatu yakae pamoja, kesho yana mwenyekiti. Mlenda unawatawanya. Wanakuwa tope, na tope mimi nalifungulia bomba la chini, linatoka, kwaheri."

Alilazimika kupaka ule ukuta upya kwa mkono wake, siku ya mapumziko. Alipaka huku akiimba alto ya kwaya, kwa sauti nyororo ambayo hukuamini inatoka kwenye mdomo ule uliotukana wanaume tangu Jumatatu.

Ndivyo alivyokuwa, hakai upande mmoja. Alitufokea tukichelewa dakika mbili, na yeye saa saba mchana alisinzia wima, kajiegemeza kwenye nguzo, jicho moja likiwa nusu wazi upande wa kioo cha maji. Kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimshika anakwambia macho yako yana ukoko. Sifa hakutoa. Mwaka mzima nilifanya kazi naye na neno tamu kuliko yote alilonipa lilikuwa, "Leo hujaharibu." Nilimweleza ndoto yangu kwamba siku moja nitakuwa na dobi yangu ya mvuke, nawafulia mashuka wenye nyumba za wageni mji mzima, na boila dogo nimelipaka rangi ya pinki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakumfanyia mtu mwingine. Kisha akasema, "Pinki inaonyesha masizi. Paka kijani."

Siku niliyokwenda kwake nikapata mshangao wa maisha yangu. Nilifungua birika lake niweke maji ya chai, nikakuta ndani limevimba ukoko mweupe unene wa ganda la yai.

"Fundi! Hili ni nini?"

"Birika."

"Wewe unapigana na ukoko kutwa, halafu birika lako liko hivi?"

"Kwanza ule mlenda si wa kunywa, kwa hiyo toa wazo hilo. Pili, birika likiziba linachelewesha chai. Hakuna mtu anayesimama mbele ya birika akafa. Sipigani na mawe mimi. Napigania nyie mnaosimama pale."

Akaninyang'anya birika, akachemsha mwenyewe.

Meneja mpya alipokuja hakuwa mtu mbaya, nataka niliseme hilo. Shati limenyooka, anasalimia hadi wafagiaji. Alikuja mwezi ule ambao boila huzimwa, likapozwa na kufunguliwa kukaguliwa. Aliinama na tochi, akaingiza mkono, akapapasa mabomba. Akatoka anatabasamu.

"Hongera, Fundi. Hakuna ukoko hata wa kucha."

"Asante, bosi."

"Sasa, kama hakuna ukoko, hii dawa tunanunua ya nini?"

Fundi akacheka. Alicheka vizuri, akidhani ni mzaha. Kisha akaona meneja hacheki, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Bosi, nyumbani una chandarua?"

"Ninacho."

"Una malaria?"

"Sina."

"Basi jioni ukakichome."

Tulioko nyuma tukaangalia viatu vyetu. Meneja akasema hilo ni jambo lingine, akasema kila idara inapunguza matumizi, akasema kuanzia tutakapowasha tena hakutakuwa na dawa, tuone. Lile neno "tuone" ndilo lililomaliza mambo. Fundi akavua glavu, moja moja, akazipanga juu ya ngazi.

"Kuona kwake ni kwa mara moja, bosi. Mimi siwashi."

"Ni amri, Fundi."

"Amri ni yako. Mkono ni wangu."

Akapelekwa uani kufagia mbegu zilizomwagika. Mwanamke aliyeendesha boila miaka yote ile, akapewa ufagio wa chelewa. Na mimi nikaambiwa niwashe. Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Niliwasha. Nilipotoka kuchota maganda nilimwona anafagia, kainamisha kichwa, hakukiinua, nami nikajua kwamba ananidharau, na nikaona ana haki.

Nikaendelea kufua maji kila asubuhi, sijui kwa nini, labda ili mikono yangu ifanye kitu kimoja cha kweli. Povu lilikataa kila siku. Wiki zikapita. Boila likaanza kula maganda mengi kuliko kawaida na mvuke ukawa unachelewa. Nikaogopa. Na hapo akili yangu, ambayo siku zote inapenda kuruka kabla ya mbawa kuota, ikapata wazo.

Mlenda.

Nilinunua mlenda mkavu sokoni, furushi zima. Nikauchemsha kwenye ndoo, nikauchuja kwa khanga, ukatoka utelezi safi kabisa, unavutika kama uzi. Si alisema nyuzi? Si alisema utelezi? Nikamimina kwenye tangi la maji, nikasimama pembeni nimeshika kiuno. Nakwambia nilijiona mwanasayansi.

Haikupita saa nzima, kioo cha maji, kile kinachoonyesha maji ndani ya boila yamefika wapi, kikaanza kucheza. Juu, chini, juu. Kisha kikajaa mpaka juu kabisa. Nikasema maji yamezidi, nikazima pampu ya kuingizia. Bomba la mvuke likaanza kugonga, ko! ko! ko!, kama mtu yuko ndani anaomba kutoka. Nikatazama kioo, bado kimejaa. Nikatulia.

Kumbe kilichojaa kilikuwa povu. Maji yenyewe yalikuwa yanashuka chini ya mabomba, na moto unawaka.

Fundi alisikia ule mgongano akiwa uani. Alitupa ufagio, akaja mbio, kitambaa kimemwanguka, sijapata kumwona bila kitambaa.

"Kioo kinakudanganya! Vuta moto!"

"Niongeze maji?"

"Usiguse pampu! Maji baridi kwenye chuma cha moto ni bomu! Tokeni, nyie wote tokeni!"

Wapakuzi wakatoka wakikanyagana. Mimi nilibaki pale pale. Yeye akashika reki ndefu, akafungua mlango wa moto, akaanza kuyavuta makaa nje, sakafuni, mbele ya miguu yake mwenyewe. Nikapata akili, nikashika koleo, nikawa nayasogeza mbali. Kaa moja likamrukia mkononi, likaganda, hakuacha reki. Tulivuta mpaka tumbo la boila likawa jeusi. Ule mgongano ukapungua, ukawa kikohozi, ukanyamaza.

Akanusa hewa. Akanigeukia.

"Umeweka nini humu?"

"Mlenda."

"Mlenda upi?"

"Wa kula."

Alikaa chini palepale kwenye maganda. Akacheka, akacheka, machozi yakamtoka, na katikati yake nikaona kwamba si kicheko tena. Alikuwa analia, mkono umeungua, kauweka mapajani kama mtoto wa mtu mwingine.

Meneja alipofika aliuliza nani amefanya hivi. Nikafungua mdomo. Fundi akaniwahi.

"Neno ni langu. Mimi ndiye niliyekipa jina la mchezo, na huyu akaniamini. Kosa hilo niandikie mimi. Lakini dumu tupu, bosi, hilo ni lako."

Boila lilipopoa na kufunguliwa, mabomba yalikuwa yamevaa gamba la kijivu, na moja lilikuwa limeanza kutuna kama shavu lenye jino bovu. Kwa wiki hizo chache tu. Meneja aliinama na tochi yake tena. Fundi akabandua kipande kwa patasi, akamtilia kwenye mfuko wa shati lile lililonyooka.

"Kaa nacho."

Dumu la bluu likarudi, na Fundi akarudi. Tangu siku hiyo hakusema tena mlenda, wala hakuturuhusu. Alitusimamisha kwenye mstari kama watoto wa chekechea, na kila mmoja akasema jina la kweli la kile kitu, polima. Mlinzi wa kesi ya ng'ombe akasema porima.

"Sema porima, sema hata poromoka," Fundi akasema. "Mradi husemi dawa."

Alipoacha kazi alihamia Nansio, ng'ambo ya ziwa. Boila nikaachiwa mimi, na cheti nikapata. Yule meneja naye alihamishwa. Akaja mwingine, na baada yake mwingine, na huyu wa sasa ndiye aliyeniletea barua Ijumaa moja jioni. Ilisema boila letu lina rekodi nzuri, halijaonyesha ukoko kwa miaka, kwa hiyo kuanzia Jumatatu tusitishe kemikali, na mwendeshaji atie sahihi hapa chini kwamba ameelewa. Sikutia. Nilisema naomba nifikirie. Jumamosi nikapanda feri.

Nilimkuta ufukweni anageuza dagaa juu ya nyavu, kitambaa kichwani, kovu mkononi limekuwa laini na jeupe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani yuko na boila?"

"Limepoa. Leo Jumamosi."

"Ah." Akaendelea kugeuza. Nikamsomea barua. Nikaisoma yote, hata jina la aliyeandika.

"Nifanyeje, Fundi?"

"Mimi sina boila. Nina dagaa."

"Watanifukuza."

"Wanaweza."

"Nina mtoto sasa."

"Najua. Nilimletea soksi."

Nikasema lile nililokuwa nimelibeba miaka yote. "Siku ile ulipokataa, mimi niliwasha. Nilikuona unafagia, hukutaka hata kuniangalia."

Akasimama wima, akajishika mgongo. "We mtoto, ulidhani ninakukasirikia? Nilikuwa naona aibu. Watu niliowatukana miaka yote wananipita na ufagio mkononi. Niliinama ili msione uso. Kila asubuhi nilisema leo naenda kumwomba bosi msamaha, nirudi kwenye moto wangu. Kila asubuhi. Usidhani kukataa ni siku moja. Siku moja hata mlevi anaweza."

"Kwa hiyo unasema nikatae?"

"Sisemi. Nikisema mimi, Jumatatu utakuwa unanitii mimi badala ya kumtii yeye. Sema wewe, nikusikie."

Nikasema, kwa sauti ya chini, sitawasha.

"Dagaa hawajasikia."

"Sitawasha!"

Wanawake wa nyavu za jirani wakageuka. Mmoja akauliza, "Ana nini huyo?" Fundi akamjibu, "Ana kazi," akanikabidhi upande wa pili wa wavu, tukageuza pamoja mpaka feri ikapiga honi.

Jumatatu saa moja zamu ya asubuhi iliingia. Banda lilikuwa kimya, bomba la mvuke baridi kama bomba la nyumbani. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, barua magotini, haina sahihi. Wapakuzi wakajaa mlangoni, na nyuma yao nikaona kichwa cha bosi kinapita katikati ya magunia, kinakuja.

"Dada, mvuke vipi?" mmoja akauliza. "Boila limeharibika?"

"Hapana," nikasema, nikasimama. "Ni zima. Ndiyo maana siliwashi."